Kimulimuli si pambo la gari: nani kawapa hawa upolisi?

Najua wengi mlitegemea leo niandike kuhusu boom, maana ndo habari ya mjini hapa Mlimani tangu Jumatatu. Boom litaandikwa siku nyingine (likitoka). Leo kuna jambo limenikaa kooni muda mrefu na nisipolitema litanipalia.

Ni hivi vimulimuli. Hizi taa za bluu na nyekundu zinazowaka-waka, ambazo siku hizi ukisimama pale Mwenge au Ubungo nusu saa tu utaziona kwenye gari la kila aina: Prado nyeusi yenye vioo vya giza, Noah ya mtu binafsi, pikapu ya walinzi, gari la maharusi, mpaka bodaboda ambayo dereva wake kazifunga nyuma ya kiti eti inapendeza usiku. Na ving'ora vyake juu. Mtu anatoka zake Mbezi, kachelewa kikao, anawasha dude lake, anajichomeka kwenye njia ya mwendokasi, na sisi tuliobanana kama dagaa kwenye daladala tunasogezwa pembeni apite. Apite kwani nani? Hakuna anayejua. Tunapisha tu.

Hoja yangu naiweka mapema ili msije mkasema nazunguka mbuyu. Kimulimuli kwenye gari la mtu binafsi siyo ufahari tu, wala siyo kero ya foleni tu. Ile taa ni sehemu ya sare ya polisi. Kumwachia kila mwenye hela aifunge ni sawasawa na kuanika kofia na mikanda ya polisi kwenye meza za Kariakoo, halafu tukashangaa siku jambazi akipita akachagua saizi yake.

Najua majibu yenu, tumeshabishana sana kwenye vimbweta. Kuna mshkaji mmoja wa uhandisi huwa ananiambia, "Wivu tu huo, nunua na wewe gari lako ufunge." Haya, tuseme ni wivu. Mwenye wivu naye anaweza akawa na hoja. Mwingine anasema foleni ya Dar ndo inawalazimisha watu. Foleni ni ya kweli, wala sibishi, mimi mwenyewe nimeshakosa nusu ya test kwa sababu ya foleni ya Sam Nujoma. Lakini mbona mama muuza samaki anayetoka feri na ndoo yake ya samaki wanaoharibika kwa jua, yeye hana king'ora? Haraka yake ina hela ndani kuliko ya huyo mwenye Prado.

Turudi kwenye sheria kidogo, msikimbie. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973. Ving'ora na taa hizi ni vya magari ya dharura: polisi, zimamoto, gari la wagonjwa, na mengine ambayo yameruhusiwa rasmi. Dunia nzima mpango ndo huo huo. Mkataba wa Vienna wa 1968 unaohusu usafiri wa barabarani unasema gari lenye haki ya kupishwa likija na taa zake maalumu na sauti yake, wengine wote wasogee, na ikibidi wasimame. Sasa angalia uzito wa maneno hayo. Dereva haambiwi amuulize kitambulisho kwanza, wala achungulie ndani aone kama kuna mgonjwa. Anaambiwa apishe. Yaani sheria imetunyang'anya haki ya kuuliza, kwa makusudi kabisa, kwa sababu mgonjwa akisubiri maswali yetu atakufa. Ni sawa. Mimi naikubali. Lakini ukishamnyang'anya mtu haki ya kuuliza, basi wewe mwenye dola umebeba wajibu wa kuhakikisha ile taa haidanganyi. Huwezi kuchukua kimoja ukaacha kingine.

Waingereza walilielewa hili vizuri. Kanuni zao za taa za magari za mwaka 1989 zinakataza gari lisilo la dharura kufungwa taa ya bluu ya tahadhari, NA kifaa chochote kinachofanana nayo, iwe kinafanya kazi au hakifanyi. Hapo kwenye "hakifanyi" ndo nilipowavulia kofia. Kwetu mtu akikamatwa anajitetea, "Afande, hii imekufa, haiwaki, ni ya urembo tu." Wenzetu urembo wenyewe ndo kosa, kwa sababu kinachomtisha raia siyo umeme uliomo ndani, ni sura ya kile kitu.

Sisi tunaosoma Ualimu jambo hili hatupaswi kulikuta kama geni. Mnamkumbuka Pavlov na mbwa wake? Mbwa anasikia sauti, analetewa chakula. Anasikia sauti, analetewa chakula. Mwisho wa siku ukipiga ile sauti tu, hata chakula kisiwepo, udenda unamtoka. Sasa weka kimulimuli badala ya ile sauti, na weka mguu wa breki badala ya udenda. Tumefundishwa tangu watoto: taa ikiwaka nyuma yako, pembeni. Mwili unatii kabla kichwa hakijafika. Kila mara tukimpisha mtu ambaye siyo polisi wala mgonjwa, somo linazidi kuingia: usiangalie ni nani, angalia taa tu. Wenye Prado zao wamekuwa wakitupa zoezi la bure kila asubuhi, na atakayevuna zoezi hilo siyo wao.

Halafu kuna jaribio jingine, ambalo mimi nalipenda kuliko la Pavlov kwa sababu linahusu watu. Mwaka 1974 Leonard Bickman alitoa matokeo ya majaribio aliyoyafanya barabarani Brooklyn, Marekani. Mtu anamsimamisha mpita njia na kumpa amri ya ajabu-ajabu: okota ule uchafu pale, au mpe yule bwana sarafu ya kuegesha gari. Siku nyingine mtoa amri kavaa nguo za kawaida, siku nyingine kavaa kama muuza maziwa, siku nyingine kavaa sare ya mlinzi. Aliyevaa sare ya mlinzi ndiye aliyetiiwa zaidi. Na wala hakuwa polisi, alikuwa mlinzi tu wa kuigiza, na kilichobadilika ni nguo. Amri ilikuwa ile ile ya kipuuzi. Sasa mnaonicheka kwamba nakuza mambo, niambieni: kama sare ya mlinzi inamfanya mtu mzima aokote takataka, taa ya polisi saa tano usiku inamfanya afanye nini?

Ngoja niwaambie inamfanya afanye nini.

Muhula uliopita wanafunzi wawili wa darasa letu, mkaka na mdada, walikuwa wanarudi hosteli kutoka Sinza kwa bajaji. Walikuwa wamekwenda kuchapa pendekezo la utafiti, kwa hiyo walibeba laptop. Saa tano kasoro. Nyuma yao ikaja gari ndogo nyeusi, ikawasha taa za bluu na nyekundu zilizofungwa ndani ya kioo cha mbele. Dereva wa bajaji kasimama mwenyewe, wala hakusimamishwa kwa mkono. Wakashuka wanaume wawili wamevaa kiraia, mmoja ana redio ya mkononi, mwingine pingu zinaning'inia kiunoni. "Mnatoka wapi? Vitambulisho." Wakatoa vitambulisho vya chuo. "Tumepata taarifa kuna bajaji imebeba bangi." Upekuzi ukaanza. Bangi haikuonekana (ingetoka wapi), lakini laptop na simu mbili zikaonekana, na zikahitaji "uchunguzi". Kisha yule mwenye pingu akamwambia mdada aingie kwenye gari, watakwenda naye kituoni kuandika maelezo, huyu mkaka atawafuata.

Hapo ndo yule dereva wa bajaji, ambaye wala hawakumjua jina, alifanya kitu ambacho sisi wasomi tulipaswa kukifanya. Alisema, "Sawa afande, nendeni nami nawafuata nyuma hadi kituoni, niambie tu ni kituo gani." Aliuliza mara mbili. Jibu halikutoka. Wale jamaa wakatazamana, wakasema basi, kesho mje kituoni kuchukua vitu vyenu, wakataja kituo, wakaondoka. Taa wakazizima kabla hata hawajafika kwenye kona.

Kesho yake wakaenda. Kituoni hakuna anayewajua watu hao, hakuna laptop, hakuna kitu. Afande aliyewapokea akawauliza, "Mlisoma namba za gari?" Hawakusoma. "Mliona vitambulisho vyao?" Hawakuona. Akawaangalia kama watoto wa chekechea, akasema, "Sasa nyie ni wasomi gani?" Kilichoniudhi mimi nilipohadithiwa siyo hilo swali. Ni kwamba afande mwenyewe aliyekuwa anauliza alikuwa amevaa fulana na jinzi, hana jina kifuani, hana kitambulisho shingoni, na hakujitambulisha hata alipokuwa anaandika maelezo yao. Kama wangemkuta barabarani usiku wangemtofautishaje na wale wa jana? Laptop haijaonekana mpaka leo. Pendekezo la utafiti likaandikwa upya kwa mkono. Na yule mdada siku hizi jua likizama hatoki nje ya geti, hata kwa kusindikizwa.

Sasa mtu ataniambia, hao ni vibaka tu wa Dar, mjini shule. Haya, tutoke Dar.

Mwaka 2020, usiku wa tarehe 18 Aprili kuamkia 19, kwenye jimbo la Nova Scotia kule Kanada, mwanaume mmoja aliua watu 22 kwa muda wa saa kama 13. Jina lake silitaji, hana heshima hiyo. Alichokuwa nacho ni sare, na gari. Gari lenyewe lilikuwa Ford Taurus ya polisi iliyostaafu, kainunua kihalali kwenye mauzo ya mali chakavu za serikali, kisha akabandika nembo, akaweka namba, akafunga taa juu. Lilitoka nakala kamili. Alikuwa anazunguka mchana kweupe, anapishana na watu, na wengine aliwasimamisha pembeni ya barabara kama trafiki. Siyo raia tu waliodanganyika. Kuna askari wa kweli aliyekuwa anamsubiri mwenzake barabarani, akaona gari la polisi linakuja, akadhani ndiye. Akapigwa risasi (alipona, mwenzake hakupona). Na polisi walikuwa na picha ya lile gari bandia tangu asubuhi, lakini zilipita kama saa tatu ndipo wakawatangazia wananchi. Saa tatu nzima watu wanaambiwa kuna hatari, na hatari yenyewe imevaa sura ya msaada. Mwaka uliofuata bunge la jimbo hilo lilipitisha sheria ya kudhibiti sare, nembo na vifaa vya polisi. Walisubiri makaburi 22.

Na juzijuzi tu, tarehe 14 Juni 2025, jimbo la Minnesota, Marekani. Mtu aliyejivika upolisi, na gari lake limefungwa taa za dharura na kibao kilichoandikwa "POLICE", alikwenda kugonga nyumba za wanasiasa usiku wa manane. Mbunge wa jimbo Melissa Hortman na mume wake waliuawa nyumbani kwao. Seneta John Hoffman na mke wake walipigwa risasi nyingi, wakanusurika. Kwenye maelezo yaliyopelekwa mahakamani na waendesha mashtaka kuna kipande kimoja ambacho nimekisoma mara tatu. Baada ya nyumba ya kwanza kushambuliwa, polisi wa kweli alitumwa kwenda kuangalia usalama wa nyumba ya mwanasiasa mwingine. Alipofika akakuta gari la "polisi" limeegeshwa jirani na hapo, ndani yupo mtu. Akadhani ni mwenzake katangulia. Akamsemesha, hakujibiwa, akaendelea na kazi yake. Yaani polisi kasimama ubavuni mwa mtu anayetuhumiwa kuwa ndiye mwenyewe, na taa ikamwambia: huyu ni wetu. Kama taa inamdanganya polisi aliyesomea upolisi, wewe na mimi na mama muuza vitumbua tuna ubavu gani?

Rafiki yangu wa chumba anasoma Baiolojia na Ualimu, na nilipokuwa namwambia haya akacheka akaniambia hata mdudu mwenyewe tuliyeazima jina lake ana tabia hiyo. Kimulimuli wa porini huwa anawaka kumwita mwenza, kila aina na mpigo wake. Sasa Marekani kuna jamii moja, Photuris, majike yake yanaiga mpigo wa aina nyingine. Dume la watu linaona taa, linasema ahaa, mchumba huyo, linashuka. Linaliwa. Sikuwa na la kuongeza.

Sasa nije kwenye sehemu ambayo najua wengine mtasema nimevuka mpaka. Kulaumu wenye Prado na wauza taa peke yao ni kulaumu moshi. Polisi wetu wenyewe wanawarahisishia kazi matapeli. Kila baada ya muda tunatangaziwa operesheni: magari yanakamatwa, ving'ora vinang'olewa mbele ya kamera, kamanda anaongea kwa ukali, wiki mbili baadaye hali imerudi palepale. Duka lililouza linaendelea kuuza. Fundi aliyefunga anaendelea kufunga. Halafu huo huo mwezi unasikia mtu kachukuliwa na watu wenye kiraia, kwenye gari lisilo na alama, bila kuambiwa kosa, bila kuambiwa kituo. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, ya mwaka 1985, inataka anayekamatwa aelezwe kosa lake pale pale. Ni jambo dogo sana, sentensi moja tu. Lakini likiachwa kufanyika, raia anazoea kwamba ukamataji halali una sura hiyo: kiraia, pingu, gari bila alama, kimya. Na utekaji nao una sura hiyo hiyo. Nitajuaje?

Mnakumbuka Septemba 2024. Ali Kibao, mjumbe wa sekretarieti ya CHADEMA, alikuwa kwenye basi anakwenda Tanga. Basi likazuiwa Tegeta, watu wenye silaha wakaingia, wakamfunga pingu, wakashuka naye. Kesho yake mwili wake ukakutwa Ununio. Rais akalaani na kuagiza uchunguzi. Mimi hapa siongelei siasa za chama chochote, mnanijua sina kadi. Naongelea wale abiria. Basi zima la watu wazima. Watu wakawalaumu mtandaoni, eti mbona walikaa kimya. Wangefanyaje? Waliona bunduki na pingu, na tangu utoto wamefundishwa kwamba bunduki na pingu ni serikali, na serikali haiulizwi. Miezi miwili baadaye, Novemba, ikaja ile video ya Kiluvya, mfanyabiashara wa Kariakoo anasukumwa kwenye gari dogo, pingu mkononi, anapiga kelele za kuomba msaada, na watu wapo jirani wanatazama. Wengine tuliwatukana. Lakini jiweke pale. Ukiingilia na kumbe ni polisi wa kweli, umezuia askari kufanya kazi yake, ni kosa. Usipoingilia na kumbe ni watekaji, umeshuhudia mtu akienda kufa. Nani kakuweka kwenye mtego huo? Siyo jambazi peke yake.

Na siyo sisi tu. Jirani zetu Kenya baada ya maandamano ya Juni 2024 vijana wakaanza kubebwa na watu wasiojitambulisha, hadi Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya huko ikasema Desemba mwaka huo kwamba imepokea visa 82. Wakenya wakafika mahali gari la Subaru tu likipunguza mwendo pembeni yako unaruka mtaro.

Kuna watakaosema haiwezekani kuzuia, wakubwa ndo wenye taa. Inawezekana! India walikuwa na ugonjwa huu kuliko sisi, taa nyekundu juu ya gari ilikuwa alama ya ukubwa, kila mwenye cheo anayo. Tarehe 1 Mei 2017 serikali yao ikazipiga marufuku kwa viongozi wote, kuanzia Rais na Waziri Mkuu kushuka chini, zikabaki kwa magari ya dharura. Urusi nako walichoka na taa za bluu za wakubwa, mwaka 2010 madereva wa Moscow wakaanza kuweka ndoo za plastiki za bluu za watoto juu ya magari yao, wanatembea nazo barabarani. Polisi wakawa wanasimamisha gari kwa kosa la ndoo! Mimi hiyo ndo imenifurahisha kuliko zote. Nimeshawaza hapa hosteli tuna ndoo za bluu ngapi.

Kwa hiyo ninachotaka ni hiki, na sitaki kiitwe mapendekezo kama ya ripoti ya TP. Anayeuza hizi taa aandikishwe kama anayeuza baruti, na auze kwa barua ya taasisi tu. Siyo jambo gumu, mbona dukani hawakuuzii laini ya simu bila alama ya kidole? Laini ya simu tumeiona ni hatari, taa ya polisi tunaiona ni pambo. Ajabu kweli. Fundi anayefunga naye aulizwe. Mwenye cheo ambaye hayupo kwenye orodha ya sheria azing'oe yeye wa kwanza, kabla ya yule kijana wa bodaboda, maana bodaboda kaiga kwake. Na kampuni za ulinzi zitafutiwe rangi nyingine kabisa.

Kwa polisi: asiye na sare aonyeshe kitambulisho kabla hajatamka neno la pili, na asinune akiulizwa. London mwaka 2021, baada ya askari wao wa kweli kabisa kutumia kitambulisho chake cha kazi kumkamata msichana kwa uongo na kumuua, jeshi la polisi la jiji likaweka utaratibu kwamba askari wa kiraia aliye peke yake akimsimamisha mwanamke, anampigia video sajini wa chumba cha operesheni pale pale, mwanamke anaongea naye, anahakikishiwa. Kwetu 112 ipo. Kinachotakiwa ni kwamba ukipiga ukasema "nimesimamishwa na gari fulani mahali fulani, ni lenu?", apokee mtu anayejua jibu, na aliyekusimamisha asikione hicho kitendo kuwa ni dharau. Na hapa chuoni serikali ya wanafunzi, badala ya kutumalizia hela kwenye bonanza, wakae na polisi jamii waandike karatasi moja, wabandike kila bloku: ukisimamishwa usiku unasema nini, unaomba nini, unakataa nini. Yule dereva wa bajaji alisema maneno machache tu.

Nitamalizia na la nyumbani. Kamati yetu ya sherehe ya kumaliza chuo imeleta bajeti jana. Ukumbi, MC, pilau, keki, mimi sina neno. Chini kabisa kuna mstari: "gari la kuongoza msafara, king'ora na taa." Nimeuliza gari hilo ni la nani, nikaambiwa kuna jamaa anakodisha, ana kila kitu, mpaka redio ya mkononi, anavaa na koti la njano ukitaka. Nikauliza siku ambazo hakuna sherehe huwa analikodisha kwa nani. Mweka hazina akanitazama tu. Mchango wangu nimeshautoa, ila nimemwandikia kwamba fungu langu lisiguse huo mstari. Liende kwenye nyama.